Mngoja wa Ghala la Katani

Tadeo, Baba Robert kwa sisi majirani, alikuwa mngoja wa ghala la katani hapa Pongwe kwa miaka ishirini na sita. Mlinzi wa ghala wazee wa shamba walimwita mngoja, na neno hilo ndilo lililomponza.

Walipovunja ofisi ya zamani ya shamba, aliokota kitabu kisicho na jalada, habari za Warumi. Humo akamkuta jemedari Fabio, aliyepachikwa jina la Mngoja. Tadeo akaja kijiweni, ninapouzia uji, akatangaza kwamba Roma iliokolewa na mlinzi.

Nilimnyang'anya kitabu nikausoma ukurasa. "Baba Robert, huyu hakungoja ghala. Alikaa mlimani akangoja adui achoke mwenyewe."

"Basi ndiyo kazi yangu hasa, dada Semeni. Unakaa, mwizi anachoka."

Tangu hapo kila jambo lilikuwa Fabio. Paa linavuja, anangoja. Jirani anasogeza mpaka wa kiwanja, anangoja. Jirani yule akahama, mpaka ukarudi pa zamani, basi Tadeo akaharibika kabisa.

Mwaka jana mwiba wa mkonge ulimchoma unyayo. Mguu ulishakufa ganzi kwa kisukari, hakusikia kitu. Kidonda kikachimba. Mkewe, Jenifa, akimtajia hospitali anajibu, "Fabio angeshuka mlimani?"

Wiki ya sita Jenifa alikuja kwangu na kitambaa alichokuwa anamfungia. Alinisogezea tu ninuse. Nikaenda.

Vidole viwili vilikuwa vyeusi.

"Baba Robert, wacha habari za mlima. Unaogopa nini?"

"Watanikata. Nikipita kijiweni na magongo, Yakoub ataniitaje?"

Yakoub ni fundi baiskeli, hakuna aliyewahi kupita mbele yake bila kupewa jina la utani.

Kitabu kilikuwa chini ya mto. Nikamsomea mstari alioupigia wino mwenyewe, Fabio alipotukanwa na askari wake kwa kutopigana, akawajibu: anayeogopa kuchekwa ni mwoga kuliko anayemkimbia adui.

Tadeo akasema, "Iteni bajaji."

Hospitali daktari alisema angekuja mapema wangetoa kidole kimoja. Sasa ni juu ya goti, na sumu imeshapanda. Wakati wanamsubirisha kwenye kitanda cha magurudumu, Tadeo alinivuta mkono.

"Semeni. Fabio alipokuwa mlimani, mashamba ya watu kule chini nani alikuwa anayachoma?"

"Adui."

"Kurasa hizo nilikuwa naziruka," akasema.

Walimkata. Siku ya tatu alikufa.

Kaburi alilichimba Yakoub, karibu peke yake. Alipomaliza alikuja uani, udongo mpaka viwikoni, akamuuliza Jenifa kwa nini mtu mzima afiche mguu kama ule.

"Alikuwa anakuogopa wewe," Jenifa akasema, akampa maji ya kunawa.