Basi Lenye Mkia

Watu wa Muleba walilibishania basi lile kabla halijamaliza mwezi barabarani. Mfanyabiashara mmoja mwenye duka Miembeni alikuwa amechukua lori lake la abiria akalifungia tela nyuma, lenye turubai juu na mabenchi pande mbili, ili safari moja ibebe watu wa safari mbili. Sehemu ya mbele tuliiita kichwa, na ya nyuma mkia. Ungewasikia sokoni ungedhani wanagombea mpaka wa shamba.

Waliolisifu walikuwa na hoja. Zamani mama mwenye mikungu mitatu ya ndizi aliachwa njiani kwa sababu gari limejaa, naye akarudi nayo kichwani. Sasa nafasi ilipatikana, hata ya mbuzi. Waliolipinga walisema haliwezi kurudi nyuma likikosea njia, vumbi lote la kichwa linaliwa na mkia, na penye kona mkia unayumba mpaka mtu anatapika. Mimi nilikuwa upande wa wapinzani, tena kwa sauti kubwa kuliko iliyomfaa msichana. Sikuweza kuvumilia chombo ambacho ukikaa nyuma hujui waliokaa mbele wameamua nini. Kulikuwa na kamba ya kengele ya kumwarifu dereva, kuvuta mara moja maana yake simama, mara mbili ondoka. Akina mama wakaitundikia vifurushi vyao, dereva akawa anasimama penye kila shimo na kushuka kugomba.

Ubaya mkubwa ulikuwa vilimani. Injini haikuweza kupandisha vyote viwili penye mwinuko mkali. Basi wakifika chini ya kilima utingo alipiga kelele, "Kata!", akaweka mawe kwenye magurudumu ya mkia na kuufungua. Kichwa kilipanda peke yake, kikashusha abiria wake kule juu, kikageuza, kikashuka kitupu kuufuata. Watu wa mkia walikaa wakila karanga na kungoja. Mimi kungoja kulinitia homa.

Asubuhi ninayoikumbuka nilikuwa nakwenda Bukoba kupanda meli ya jioni. Nilikuwa nimepata nafasi katika chuo cha ualimu ng'ambo ya ziwa. Barua ilisema waziwazi kwamba atakayechelewa siku ya kufungua nafasi yake atapewa mwingine, na meli nyingine isingenifikisha kwa wakati. Baba alikubali baada ya mchungaji wetu kuja nyumbani mara tatu. Mama alikuwa amekwisha kufariki, kaka yangu alikwenda kuvua Goziba na akaamua kubaki hukohuko visiwani. Nyumbani tulikuwa wawili tu. Baba alisema atanisindikiza mpaka gatini, nami sikumuuliza moyo wake unasemaje.

Tulipopanda tulifanya kosa ambalo kwetu halikuwa kosa. Wanaume wenye heshima zao walikaa kichwani, wanawake na ndizi zao mkiani. Hakuna aliyewahi kuandika sheria hiyo. Baba akaenda mbele, mimi nyuma. Lakini sanduku langu lilikuwa jipya, limeandikwa jina la chuo kwa rangi nyeupe, na utingo aliona si vizuri lichanganywe na mikungu. Akalipandisha juu ya kichwa. Sanduku likasafiri na wanaume, mwenye sanduku akasafiri na mbuzi.

Kwenye kilima kirefu utingo akapiga kelele yake, tukakatwa. Kichwa kikapanda kikikohoa moshi. Nilishuka, nikapanda, nikashuka tena. Nikamuuliza utingo watachukua muda gani.

"Leo sijui," akasema. "Injini inachemka. Dereva kasema ikizidi, atawapeleka kwanza wale wa mbele mpaka Bukoba, halafu ndiyo aje kuwachukua nyinyi."

"Na wenye kuwahi meli?"

"Wenye kuwahi meli wako mbele."

Alisema bila ubaya wowote, na ndiyo maana nilitamani kumpiga. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akanishika mkono. "Mwana wange, tulia. Tata yako yuko kule juu, hawezi kukubali wakuache."

Nami niliamini hivyo. Nilikaa. Kule juu injini ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Mwishowe nilivua viatu, nikavishika mkononi, nikakimbia. Akina mama waliniita nyuma yangu. Barabara ilikuwa ya kokoto, na magauni yetu ya wakati ule hayakushonwa kwa ajili ya kukimbia.

Nilipofika juu nilikuta basi limefunguliwa boneti, dereva anamalizia kumimina maji. Pembeni mwa barabara baba alikuwa amekaa juu ya sanduku langu. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Nilidhani amelishusha ili wasiweze kuondoka bila mimi.

"Umewazuia, tata," nikasema.

Hakuinua uso. "Sikuwazuia. Nilimwambia dereva waende, kwamba wewe husafiri tena."

Nilimwomba arudie, akarudia.

"Nilipoona mmebaki kule chini," akasema, "nikasema moyoni, labda Mungu mwenyewe amekata."

"Aliyekata ni utingo," nikamjibu. "Si Mungu."

Kwetu mtoto hakumjibu baba hivyo, na wala hakumjibu akiwa amesimama. Wanaume waliokuwa dirishani wakaacha mazungumzo. Nilikuwa na hasira, na hofu pia, maana dereva alikuwa anafunga boneti na neno moja tu la baba lingetosha kunirudisha nyumbani. Nilimngoja alitamke. Ulikuwa mngojo mfupi kuliko yote ya siku ile, na ndio ulionichosha.

Akasimama. Akalibeba sanduku mwenyewe, mzee wa umri ule, akapanda ngazi ya nyuma na kulifunga tena kwa kamba. Aliposhuka alipangusa mikono kwenye kanzu.

"Kiti changu kiko wazi," akasema. "Ni kimoja tu, hakuna kingine."

"Na wewe?"

"Mimi nitashuka kungoja pamoja na wale wa mkia. Nitapata gari la kurudi."

Nilipaswa kupiga magoti barabarani pale, nimuage kama mtu aliyezaliwa na watu, maana gatini hatafika tena. Nililijua hilo wakati uleule. Sidai kwamba nililitambua baadaye kwa utu uzima. Lakini niliogopa kwamba nikipiga magoti atanishika kichwa, na akinishika kichwa sitaondoka. Nikampita, nikapanda na viatu vyangu mkononi, nikaketi katikati ya wazee wawili ambao walisogea bila kunitazama.

Dereva aliingia, akashika usukani, kisha akageuka. Alikuwa mtu mzima, mwenye watoto.

"Umeshamuaga mzee?" akaniuliza.

Nikamwambia aondoe gari.