Kikombe cha Karani

Karani wa shule ile ya manispaa huko Tampere, Ufini, ile inayofundisha kwa Kiingereza bila ada, hakuwa mtu wa kumwaga kitu. Heli alimtazama tangu alipoingia ofisini na bintiye, Saima. Viatu vya karani vyenye theluji vilibaki mlangoni, naye alitembea kwa soksi za sufu. Makombo ya andazi la iliki aliyaokota kwa ncha ya kidole. Kikombe cha kahawa kilikaa dirishani, mbali na karatasi, na kila alipokunywa alikirudisha palepale. Fomu ya Heli aliisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, mpaka kikasimama kwenye lugha ya nyumbani. Heli alikuwa ameandika Kiingereza, ili Saima apate nafasi. Kwao Kiingereza kilisemwa na televisheni tu.

Karani akamwinamia Saima, akamuuliza jina lake kwa Kiingereza. Mtoto akavuta koti la mama yake. "Mama, huyu anasema nini?"

Uso wa Heli ukawaka moto. "Leo anaona haya tu," akasema. Karani hakumtazama. Alinyoosha mkono dirishani, akaleta kikombe juu ya fomu, akakiinamisha polepole mpaka kahawa ikalifunika neno lile, neno lile tu. "Ona nilivyo mzembe, mama," akasema kwa Kifini, akimsogezea fomu nyingine. "Itabidi uandike upya." Kisha akainama kufuta meza ambayo haikuwa imepata hata tone, na hakuinua uso mpaka Heli alipomaliza kuandika.