Begi la Kaka Kasian

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, nilipokuwa nafunga mizigo kwenda Unguja kupumzika. Si kutafuta kazi, la; kupumzika, kama watu wenye nazo. Niliondoka Songea nikiwa na kandambili, nikarudi na stashahada ya ufundi umeme, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nyumba hii ya Bombambili unayoiona nimeijenga mwenyewe. Kwa hiyo ninaposema, sikiliza.

Nilikuwa na kaptura mpya, miwani ya jua na ndala za ngozi. Begi zuri sikuwa nalo. Kaka yangu Kasian, dereva wa lori la mahindi, alikuwa amefariki mwezi huohuo, akaacha begi la magurudumu chumbani kwa shangazi. Kwetu, vitu vya marehemu havitoki nyumbani mpaka arobaini ifike, ndugu wakae, kila kitu kikabidhiwe kwa mtu wake. Hapo ndipo marehemu naye hupumzika. Mimi nikamwaga vilivyokuwa begini, nikaanza kupanga vyangu.

Shangazi alisimama mlangoni, khanga kifuani.

"Begi hilo lina mwenyewe."

"Mwenyewe tumemzika, shangazi."

"Tumemzika, hatujamuaga. Kasian alikuomba mara ngapi umpeleke akaone bahari? Sasa unamfungashia?"

Nikacheka. "Basi nauli yake nani analipa?"

Hakucheka. Sikio la kufa halisikii dawa, mwanangu, hata likiwa na stashahada.

Niliziweka nguo zangu zikiwa zimekunjwa bapa, kama zilivyotoka kwenye pasi. Nakumbuka vizuri. Nilipofika Unguja na kufungua zipu, nilizikuta zimeviringwa ngumu, moja moja, kama chapati. Hivyo ndivyo Kasian alivyokuwa akifunga nguo zake za safari. Nikajiambia ni mtikisiko wa basi. Mtu akiwa na kiburi, huamini hata basi linaweza kuviringa shati.

Asubuhi mwenye nyumba ya wageni, mzee mpole wa pale, aliniandalia chai. Sahani mbili.

"Niko peke yangu, mzee."

"Na yule mrefu uliyeingia naye jana?" Akaonyesha ufukweni kwa kidole. "Yuko pale tangu alfajiri, anatazama maji. Nimempa salamu, hakuitika. Mgonjwa?"

Nilitazama. Sikuona mtu. Mchanga ulikuwa mweupe, mtupu, maji yametulia. Nyayo ziliteremka kutoka kwenye baraza yetu mpaka majini. Za kurudi hazikuwapo.

Chai sikuimaliza. Nilijua nilichofanya: arobaini ilikuwa inakaribia, ndugu wangekusanyika kumuaga Kasian, naye nimemtoa nyumbani, nimemwacha pwani ya watu. Nililiburuta begi mpaka majini, nikasema kwa sauti, watalii wakinitazama, "Kaka, umeiona. Twende nyumbani." Lilikuwa jepesi wakati wa kuja. Kurudi, kondakta na mimi tulilinyanyua pamoja, naye akauliza nimebeba mawe gani.

Niliingia uani ndugu wameshaketi. "Shikamoo, shangazi."

Alinipita, akalishika begi kwa mikono miwili kama anavyopokelewa mtu wa mbali.

"Karibu, Kasian," akasema. "Kaa, tukuage."

Ndipo akanigeukia. "Marahaba."

Mwanangu, wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Sembuse ya marehemu usiyopewa! Pata elimu, jenga, tembea visiwa vyote. Mimi nimetembea na sijutii. Lakini kabla hujafunga zipu, uliza kilichomo ni cha nani, na kama mwenyewe amekuachia. Na ndugu akikuomba umtembeze, mtembeze angali anaitika salamu.

Mungu akufungulie njia, akurudishe salama, na uingie mlangoni ukiwa mtu mmoja, kama ulivyotoka.