Baiskeli ya Mjomba Kwenye Picha

Admin, naomba unifichie jina, maana wanawe mjomba wote wanafuatilia ukurasa huu. Mimi ni msusi, miaka ishirini na sita, saluni yangu ipo Mikumi ila kwetu ni Munisagara. Mwezi ujao naolewa. Mtanicheka, msusi na michoro wapi na wapi, lakini mwenzenu kuna mchoraji namfuatilia Instagram mwaka wa tatu huu. Watu wake hawana sura, macho wala pua hana habari nazo, ila nguo na vitu anavichora mpaka uzi. Niliposikia picha zake zimeletwa kwenye makumbusho madogo ya hapa, nilifunga saluni nikaenda.

Picha ya mwisho ilikuwa ya mto uliofurika, daraja la reli, na mwanamume anaondoka na baiskeli. Mimi niliona baiskeli kwanza. Kitambaa cha kiti ni cha kufuma, chekundu na kijani, kina vishada upande mmoja tu kwa sababu uzi uliniishia. Nilikifuma mwenyewe nikiwa darasa la saba, nikampa mjomba, kaka yake mama. Jamani, nilifurahi! Nikaipiga picha nikamtumia, nikaandika, "Mjomba umekuwa maarufu." Akaifungua hapo hapo.

Ndipo nikasogea. Nyuma ya yule mwanamume, majini, kuna mwanamke ameng'ang'ania mti, mkono mmoja kamnyooshea yeye. Kajifunga khanga ya njano, na kwenye pindo ina kiraka cha kitenge cha buluu. Kiraka hicho mama alikitia baada ya khanga kuungua jikoni. Ndiyo aliyotoka nayo siku mafuriko yalipomchukua, miaka minane iliyopita. Mjomba alituambia siku ile alikuwa Kimamba, na msibani alilia mpaka akashikiliwa. Nikakaa sakafuni pale pale.

Mchoraji mwenyewe alikuwepo, nikamuuliza haya kayatoa wapi. Akasema alikuwa kwenye treni, imesimamishwa kabla ya daraja kwa sababu ya maji. Yule mama alikuwa anaita, abiria nao wanapiga kelele, mwanamume akageuka akatazama, kisha akashika baiskeli yake akaenda zake. "Dada, mimi sibuni," akaniambia. "Mpaka leo najiuliza kwa nini hakunyoosha hata fimbo."

Mimi sijiulizi. Mama na mjomba walikuwa hawasemezani kwa ajili ya shamba la bibi. Kwetu ardhi hufuata upande wa mama, na bibi alimpa mama. Sasa hivi analilima mjomba. Nikiolewa nakabidhiwa mimi.

Jioni akapiga simu. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Mjomba huyu huyu, hata akiwa na homa hakosi marahaba. Akauliza tu, "Hiyo picha umemwonyesha nani?" Nikajibu hakuna, mjinga mimi. Hapo sauti ikawa laini, akasema nijiandae Jumamosi hii.

Kwetu binti aliyefiwa na mama akikaribia kuolewa, mjomba wake humpeleka kwenye kaburi la mama yake kuomba radhi. Bila hivyo wazee hawaruhusu ndoa. Tulipanga kwenda ukoo mzima, wiki ya harusi. Sasa anataka twende wawili tu, tupite njia ya mtoni, na mchumba wangu asijue.

Nikikataa, wazee watauliza sababu, na mimi mkononi nina picha ya mtu asiye na sura. Nikimwambia mchumba wangu, namjua, atakwenda moja kwa moja kwa mjomba na panga. Nikienda, naogopa. Naogopa kweli, sijawahi kuogopa hivi.

Leo Alhamisi. Asubuhi ameniandikia: "Mwanangu, huku mvua zimekolea, mto umeanza kujaa. Usihangaike na usafiri, nitakupokea stesheni na baiskeli."

Ndugu zangu, niende au nisiende? Mwenye neno aliseme kabla ya Jumamosi.