Fomalini Niliyoahidi Kuiandika

Ujumbe ulinikuta stendi ya Bunda: yule mhudumu wa mochwari amefariki, anazikwa leo leo kwao Kiabakari. Leo leo? Huku kwetu Mara maiti hungoja wajomba, hungoja mtoto wa kwanza atoke mbali. Nilipofika walishamaliza kufukia. Nimerudi na aibu, wasomaji wangu, na leo nataka kuisema.

Mhudumu huyo nilimfahamu siku mama yangu alipofariki. Kaka alikuwa mbali, tukaamua asubiriwe siku tisa. Mhudumu akatuambia siku tisa ni nyingi, itabidi aongeze dawa ya kuhifadhi maiti, na feni ya chumba imekufa. Nikamjibu kwa ukali: "Wewe fanya kazi yako!" Akaifanya. Nilipochungulia mlangoni macho yaliniwaka, nikakimbilia nje. Yeye alitoka baadaye sana, machozi yakimchuruzika, nikamshukuru kwa kutulilia mama. Akacheka huku akikohoa. "Mimi siliagi msiba, mwandishi. Hii ni fomalini. Watu wananionaga nina huruma kweli!"

Tukaketi kwenye benchi, akanifundisha. Fomalini ni gesi iliyoyeyushwa kwenye maji, na haitulii humo. Ukifungua chupa tu inapanda puani. Inashikamana na nyama, nyama inakakamaa, vijidudu vinakosa pa kuanzia kula. Jamii yake imo kwenye gundi ya plaiwudi, na wasindika ngozi nao wanaitumia. "Ila haichagui nyama ya maiti na ya mzima," alisema akijishika koo. Anayeivuta miaka mingi inaweza kumletea saratani. "Andika basi, mwandishi. Tupate feni na barakoa za kweli."

Nikasema nitaandika. Lo! Wiki ile niliandika habari za mpira, iliyofuata mashimo ya barabarani. Tukikutana sokoni Musoma aliniuliza, kila mara sauti imezidi kukwaruza, nami nikajibu, "Wiki ijayo, kaka." Ikapita miaka minne. Ukweli ni kwamba niliona mochwari itawachefua ninyi wasomaji.

Sijui kama dawa ndiyo iliyomuua. Mjane anasema koo lilimsumbua muda mrefu. Nilimuuliza kwa nini hawakusubiri watu. "Alikataza asichomwe dawa," akaniambia. "Alisema mwenzake aliyebaki mle ndani naye ana mapafu."

Feni bado mbovu, na mwenzake leo yuko kazini. Anayekuomba umsemee, msemee angali anapumua. Haya niliyoandika leo hayamsaidii tena.