Bustani ya Mama Kwenye Rweya

Watu wanaoniona leo pale Muleba nikishuka kwenye lori langu hudhani nilizaliwa nimeshiba. Sikuzaliwa nimeshiba. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Nimebeba magunia ya kahawa Bukoba mjini, nimelala chumba cha kupanga Kashai, wanaume tumebanana mpaka mmoja akitaka kugeuka lazima wote tugeuke. Wengine walirithi. Mimi sikuachiwa hata jembe. Nikijisifu mnivumilie, maana ninachojisifia nakijua uzito wake.

Lakini kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya haikuwa ya magunia. Ilikuwa ya mboga. Mboga za mama.

Baba alipofariki, kibanja chetu cha upande wa Ijumbi kilikwenda kwa kaka yangu mkubwa, mtoto wa mama mwingine. Hivyo ndivyo ilivyo kwetu: mrithi anachukua migomba, kahawa, nyumba, na makaburi yaliyomo. Mjane anabaki akimtazama mrithi usoni aone kama anatakiwa. Mama aliona hatakiwi. Alibeba sufuria, mkeka na jembe, akatoka kwenye migomba, akaenda kukaa nje kwenye rweya, ile nyika ya nyasi ambayo si ya mtu, mahali watu wanapokata nyasi za kuezekea na kuchunga ng'ombe. Udongo wa pale ni mwekundu na mwembamba, una mawe. Akajenga kibanda, akaanza kulima mboga. Nilipopata habari nikaacha magunia, nikarudi.

Nilimkuta amekonda, anakohoa, na amefungua kipande cha ardhi kizuri ambacho mwanamume mvivu asingekifungua. Mnavu, mchicha, nyanya chungu, maboga, na kabichi ambazo mbegu alipewa na masista wa misheni. Pembeni alikuwa amepanda machipukizi ya migomba, lakini yalikuwa yamedumaa, majani ya njano, kama watoto wa utapiamlo.

Mwaka huo ndio uliokuwa wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Kwetu, wenye migomba na kahawa waliachwa walipo. Mwenyekiti wa kijiji aliita mkutano akatangaza kwamba waliotawanyika kwenye rweya, wasio na kibanja, wote watateremshwa kijiji kipya cha kule bondeni, karibu na mbuga ya maji, mvua za kwanza zikianza. Kule bondeni tulikujua. Mbu wa kule walikuwa wameshawamaliza watu wa kutosha. Kabla ya hapo, alisema, kamati itapita katikati ya kiangazi kuangalia nani anakaa mahali kweli na nani amejibanza tu.

Mama aliporudi kutoka mkutanoni alikaa chini mlangoni, akavua kitambaa kichwani.

"Mimi bondeni siendi," alisema. "Nimeshahamishwa mara moja. Inatosha."

"Mawe," nikamwambia, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kihaya, "serikali ikisema unahama."

"Wamesema wataangalia panapokaliwa. Wakikuta pamekauka watasema ni pori. Wewe si unajisifu una nguvu? Zivushe hizi mboga kiangazi. Waje wakute majani."

Basi nikazivusha.

Kuandaa bustani kwa ajili ya kiangazi kuna wakati wake. Ukichelewa, umekwisha. Nyasi za kufunika hutandikwa udongo ukiwa bado umelowa, mvua za masika zikiwa zinaaga. Ukizitandika udongo umekauka, umefunika ukavu, na hata manyunyu yakija yanaishia juu juu. Kwa hiyo nilianza mara moja. Niling'oa lumbugu kwa vidole, mzizi kwa mzizi, kwa sababu jembe linaikata tu na kila kipande kinakuwa mmea mpya. Matuta yaliyoinuka niliyabomoa, nikayageuza kuwa mashimo marefu, mboga zikae chini mahali maji yanapokimbilia. Kaka alikuwa na ng'ombe. Nilimwomba samadi akasema samadi ya ukoo ni ya kibanja cha ukoo. Nikaokota mavi makavu ya ng'ombe huko huko kwenye rweya, walikopita, nikayaponda kwa mti. Majivu ya jikoni mama alikuwa akiyaweka kwenye chungu kilichovunjika, hata kijiko hakipotei. Upande unaotoka upepo nikasimika uzio wa matete.

Kilichokosekana kilikuwa nyasi. Mtashangaa: tumekaa katikati ya nyasi na hatuna nyasi. Mwenyekiti alikuwa ametangaza nyasi za rweya ni za kijiji, za kuezekea nyumba mpya za bondeni, na mtu asikate hata mzigo mmoja. Hata kaka, pamoja na ukubwa wake, kibanja chake kilibaki wazi bila nyasi za kufunika mwaka ule, maana vijana wote walikuwa kwenye kuezeka na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kushika mundu.

Mimi nikateremka kwenye kinamasi, kwenye mafunjo na majani ya maji ambayo hakuna aliyeyataka kwa sababu ni mazito na yanakata ngozi. Nikakata, nikafunga, nikapandisha mlima. Sijaona mtu aliyepandisha mzigo kama ule, na sisemi kwa kujikweza, waulizeni waliokuwepo. Maji machafu yalinitiririka mgongoni mpaka kwenye visigino.

Njiani kulikuwa na nyumba ya pombe, na wanaume walikaa hapo na rubisi yao wakinitazama.

"Mtu wa Kashai!" mmoja aliita. "Mjini walikufundisha upishi pia, au mboga tu?"

"Muacheni," mwingine akadakia, "anatafuta mume. Bibi anayelima mboga vizuri hivyo hakosi."

"Nikiolewa nitawaalika," niliwajibu. "Mtakuja na njaa zenu kama kawaida."

Walicheka. Nami nilicheka, lakini shingo ilikuwa inaniuma vibaya. Kwetu mwanamume ni migomba na kahawa. Mboga ni za mwanamke, na mwanamume aliyeinama kwenye mchicha watu wanamwona amepungukiwa. Nikaendelea kuinama.

Kiangazi kilipofika kilifika kweli. Rweya yote iligeuka rangi ya mkate, halafu ikachomwa na wachungaji ikawa nyeusi. Nilikuwa nimekwangua ardhi kuzunguka bustani, pana, hadi moto ulipofika ulikosa cha kula ukazima. Migomba ya watu ndani ya vibanja ilining'iniza majani kama nguo mbovu. Mboga kwenye soko zilikuwa zimekwisha. Lakini ungesimama barabarani ukatazama juu, ungeona kiraka cha kijani katikati ya majivu. Hicho kilikuwa changu. Asubuhi na jioni nilishuka chemchemini na ndoo, na maji ya kunawa na ya kuoshea vyombo yote yalikwenda kwenye mashina ya maboga. Chini ya mafunjo udongo ulibaki baridi.

Mama alikuwa akitambaa kati ya mashimo akichuma viwavi. Kikohozi kilikuwa kimemshika mpaka anashikilia uzio. Zahanati ya misheni walimpa vidonge na kumwambia apumzike. Alipumzika kwenye mboga.

Kamati ilipita. Mwenyekiti, bwana shamba mmoja kijana, na mzee wa ukoo mkubwa aliyekuwa akijua mipaka yote ya vibanja tangu zamani za wafalme wetu. Mama aliwaletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama inavyopasa. Bwana shamba alipiga magoti, akainua mafunjo, akagusa udongo.

"Ndugu, hii kazi nani kafanya?"

"Mimi," nikasema.

"Sijaona kama hii wilaya nzima."

Mwenyekiti aliangalia kabichi, akaangalia nyanya chungu. Niliona anataka kusema ndiyo. Lakini alimgeukia mzee. Mzee alikuwa ametafuna kahawa yake polepole, akatema ganda.

"Mboga ni nzuri," alisema. "Lakini mboga zinapandwa popote. Hata bondeni zitaota, tena vizuri zaidi. Kibanja ni kingine. Kibanja kina migomba inayozaa na kina wafu wake. Hapa amelala nani?"

"Nipo mimi, waitu," mama akasema kwa heshima.

"Wewe unatembea, mama yangu."

"Basi ningojeni kidogo."

Mwenyekiti alicheka, mzee akacheka, hata mama mwenyewe alicheka mpaka kikohozi kikamkata. Mimi sikucheka. Nilisimama na mikono iliyochanwa na mafunjo nikaelewa kwamba nimefanya kazi yote ile kwenye kitu ambacho macho yao hayakihesabu. Kamati ikaondoka ikisema mvua za kwanza zikianza, tushuke na wenzetu. Walichuma mchicha kidogo wa kwenda nao.

Siku zilizofuata mama hakusema tena habari ya bondeni. Alisema jambo moja tu, tukiwa tunamwagilia: "Wasinirudishe kule kwa kaka yako. Umesikia? Hapa hapa, kwenye kabichi." Nikamwambia anyamaze, amwagilie. Hakuzifikia mvua. Nilimkuta asubuhi, amelala ubavu, mkono chini ya shavu.

Habari ilipofika kwa kaka, alikuja na wanaume wa ukoo na machela. Hakuwahi kupanda ule mlima tangu mama afukuzwe. Alikuwa amevaa kanzu na koti.

"Tumekuja kumchukua mama," alisema. "Mke wa baba analala pembeni ya baba."

"Alipokuwa anatembea mlimfukuza," nikamwambia. "Leo amelala ndiyo mnamtaka?"

"Usinitie aibu mbele za watu, wewe mbeba magunia. Watu watasema nini, mama anazikwa porini kama mbwa?"

"Nimeshaanza kuchimba."

Kweli nilikuwa nimeanza. Nilikuwa nimefunua mafunjo kati ya mashimo mawili ya kabichi na kufika magotini. Wanaume wa kaka waliniteremkia, mmoja akashika mpini wa jembe, nami nikaushika, tukawa tunavutana mbele ya maiti. Wanawake walilia. Katekista wa misheni, na msalaba wa kaburi mkononi, alikuwa akitusihi tuuheshimu.

Yule mzee wa mipaka alikuwa amekuja pia msibani. Alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Akamwita kaka.

"Sina ugomvi na wewe," alisema. "Ni haki yako umchukue. Lakini unajua matanga hukaa penye kaburi. Watu hawa wote watashuka kwako, watalala kwako, na watakula kwako mpaka matanga yaishe. Migomba yako nimeipita asubuhi. Una ndizi?"

Kaka akavuta koti lake.

"Una maharage?"

Kaka aliangalia viatu vyake. Kisha akaangalia bustani. Wote tuliangalia. Maboga makubwa makubwa yalikuwa yamelala kwenye mafunjo, mnavu umefika kiunoni. Nilimwona akipiga hesabu ya vinywa vile vyote kiangazini, na aibu ya kuwalaza watu na njaa msibani kwa mtu mkubwa kama yeye.

"Basi azikwe anapotaka mdogo wangu," alisema. "Yeye si ndiye aliyekaa naye."

Wanaume waliachia mpini. Wawili kati yao wakachukua majembe wakanisaidia.

Tulimzika mchana. Halafu watu wakakaa. Walikaa mpaka matanga yalipokwisha, na walikula. Wanawake waliingia kwenye mashimo yangu na visu na vikapu, sikuwazuia, ningewazuiaje? Mchicha ulikwenda kwanza, ukafuata mnavu, na maboga yakapikwa na majani yake na maua yake. Wale wa rubisi walikuja, wakala wakanyamaza, mmoja akaniomba radhi na mdomo umejaa. Kaka alikula. Kabichi zilizozunguka kaburi watu waliziogopa, mpaka chakula kilipopungua, basi wakazikata na hizo. Mafunjo yakageuka kuwa ya kukalia na ya kuwashia moto. Matanga yalipoanuliwa, pale juu palikuwa na udongo mtupu uliokanyagwa ukawa kama sakafu, na tuta moja la kaburi. Kazi yote ya tangu masika, hata jani la kuweka mdomoni sikubakiwa nalo. Nilikula kwa jirani wiki ile, mimi niliyelisha kijiji.

Mvua za kwanza zilipoanza waliteremshwa watu wote wa rweya. Niliwaona wakipita na milango vichwani. Mwenyekiti alipofika kwangu alikuwa na yule mzee. Mzee alinyoosha fimbo kuelekea kaburi, na mwenyekiti akaitikia kwa kichwa.

"Migomba itazaa baadaye. Hiki sasa ni kibanja," mwenyekiti alisema. "Cha nani?"

"Cha mama," nikasema.

"Ndugu, nahitaji mtu aliye hai."

Manyunyu yalikuwa yakitulowesha. Watu wa mwisho walikuwa wakikunja kona ya chini, na kuku mmoja alilia ndani ya kikapu cha mtu. Nikasema ni changu. Wakaondoka, nikachukua jembe, nikaanza kuvunja ile sakafu waliyoikanyaga.