Mzee Aliyeimba Mahadhi Mengine

Nakumbuka alasiri moja ya Februari, mwanangu, nilipoandika uongo juu ya mzee wa watu huku nikiamini ni ukweli. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mgeni Minnesota, nikiwatunza wazee katika nyumba moja kule Inver Grove Heights. Wewe unanijua na magoti haya mabovu. Wakati ule nilikuwa mwepesi, na kalamu yangu nyepesi kunishinda.

Kati ya wazee wangu alikuwamo Bwana Walter, mwalimu mstaafu wa muziki. Kila siku baada ya chakula cha mchana alikaa dirishani akaimba wimbo uleule wa Kijerumani. Mimi na udadisi wangu nikamuuliza maneno yale ni nini. Akaniambia ni shairi la mjane anayeuliza mto unakwenda wapi, lililotiwa muziki miaka mia tatu iliyopita.

Basi nikaenda maktaba, na mkutubi akanitafutia kitabu chenye noti za muziki za shairi lile. Shuleni kwetu Kisii tulifundishwa solfa mpaka tukaiota, kwa hiyo niliandika do-re-mi juu ya kila neno, nikarudi kumfuatisha Bwana Walter kwa kidole. Alianza karibu sawa. Kisha kitabu kikishuka, yeye anapanda. Katikati ya mstari wa tatu akanyamaza kabisa, halafu akaendelea. Nilipomwonyesha kitabu alikisukuma. "Sio huu, binti," akasema. "Sio huu."

Nikaandika kwenye ripoti kwamba amesahau hata wimbo aupendao, anakwama katikati, na akirekebishwa anakasirika. Nilijiona hodari kweli. Binti yake Ellen, aliyeishi Burnsville, akaisoma. Ikapangwa kwamba Alhamisi akae na msimamizi waamue kumhamishia mzee ghorofa ya waliopoteza kumbukumbu, ambako milango hufungwa na mtu hatoki mpaka atolewe.

Jumanne nikamsimulia Mama Nsimire, Mkongo aliyefanya kazi jikoni pale, ambaye pia nilisali naye kanisa moja kule Brooklyn Center. Nilisimulia nikicheka kidogo, Mungu anisamehe. Akaweka sufuria chini.

"Siku ya Mungu niliimba ile zaburi na sauti ya kwetu Bukavu," akasema. "Nyinyi Wakenya mukaimba na sauti yenu. Maneno si ni ile ile?"

"Ndiyo, mama."

"Donc, basi, na mi pia nimepoteza akili? Utaniandika na mi?"

Kanisani kwetu tulibishana juu ya mahadhi karibu kila Jumapili, na hakuna aliyewahi kumwita mwenzake mgonjwa.

Jioni ileile nikarudi maktaba na swali nililopaswa kuanza nalo: shairi hili limetiwa muziki na watu wangapi? Mkutubi akatabasamu. Watatu, akasema. Enzi hizo, ambazo wenyewe wanaziita za Baroki, shairi zuri lilizunguka na kila mtunzi akalitungia mahadhi yake. Nilitaka kujua zaidi, nikasahau hata njaa. Akanipa kitabu cha mtunzi wa pili, na noti za Bwana Walter zilikuwamo zote. Pale kwenye mstari wa tatu, nilipoandika kwamba amekwama, palikuwa na alama ya kimya. Mtunzi alitaka mwimbaji anyamaze hapo, mjane asubiri mto umjibu. Mzee alikuwa amenyamaza kama alivyoagizwa. Nililia palepale mezani, mbele za watu.

Alhamisi niliingia kwenye kikao na vitabu vyote viwili, nikasema aliyekosea ni mimi. Niliogopa kufukuzwa. Msimamizi alinigombeza, na ilikuwa haki yake. Ellen alikishika kile kitabu cha pili muda mrefu. "Baba amekuwa akiniambia kila wiki kwamba hajachanganyikiwa," akasema. "Nami nikaiamini ripoti yako."

Bwana Walter akabaki chumbani mwake. Nilipompelekea kitabu chenye mahadhi yake, hakunilaumu. Aliniuliza tu kati ya mahadhi yale mawili mimi napenda yapi. Nikamwambia ya kwanza, akanicheka sana, akasema nina safari ndefu.

Sasa nawe umeanza kazi hospitalini, mwanangu, na utaandika habari za watu wasioweza kusoma ulichoandika. Kabla hujaandika kwamba mtu amepotea, muulize yuko wapi. Akikwambia kitabu chako sicho, tafuta kingine. Na ukikosea usitume mtu wala barua. Nenda mwenyewe, ukaseme mbele ya walewale waliokuamini. Mimi nusura nimfungie mlango mtu mwenye akili timamu, na usiku wa siku niliyoandika ile ripoti nilikula nikashiba, nikalala.

Mungu akupe hamu ya kuuliza kila unapodhani umeshajua, na akupe aibu itakayokurudisha ulipokosea. Nami nikifika mahali pa kulishwa na kuoshwa na watoto wa watu, aniletee mmoja aliyelelewa na wewe. Amina.